Mama Chishimba na Ndoo ya Mavi Yaliyooshwa

Kwanza tuelewane kuhusu vinkubala, maana bila hivyo hamtamwelewa Mama Chishimba hata kidogo.

Kinkubala ni kiwavi, sawa. Lakini ni kiwavi mwenye adabu. Anazaliwa juu ya mti, anakula majani ya mti huo huo, hachanganyi, haombi kwa jirani, na akishanona anashuka msafi kama mtoto anayekwenda komunyo ya kwanza. Unamchemsha, unamkausha, unamkaanga na nyanya na kitunguu, unamweka kando ya bukari, yaani ugali wetu, na mgeni akiondoka bila kuramba sahani basi ana lake moyoni. Funza ni habari nyingine. Funza anazaliwa pale kitu kilipofia, halafu anamla aliyemlaza. Hana macho, hana miguu, hana haya. Kwa Mama Chishimba hao wawili si ndugu wala majirani. Wakikutana njiani hawasalimiani.

Miaka kumi na tisa aliuza vinkubala vikavu sokoni, katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na jina alilolipata pale halikutokana na sura wala ukubwa wa beseni lake. Lilitokana na mchanga. Vinkubala vya wengine ukivitafuna, meno yanalia kama tairi kwenye changarawe. Vya Mama Chishimba, kimya. Alivimwaga kwenye maji, akavikoroga kwa kiganja, mchanga ukazama, makapi yakaelea, akayaengua, akachuja kwenye kitambaa, kisha akavipitia kimoja kimoja, vidole vikikimbia kama vya mtawa kwenye rozari. Mara moja tu mteja alirudi na kinkubala chenye punje ya mchanga, akapiga kelele soko zima likageuza shingo. Mama Chishimba alikaa siku tatu bila hamu ya kula. Tangu hapo aliapa kwamba kitu kichafu hakitatoka tena mkononi mwake kwenda kwenye meza ya mtu.

Kiapo kizuri. Ndicho kilicholeta balaa lote.

Magoti yalipokataa kukaa chini kutwa, alichukua kazi kwenye shamba moja la mifugo mbele ya Kasapa, ukishapita chuo kikuu na ukishameza sehemu yako ya vumbi jekundu. Alipewa kondoo majike arobaini, na kwa miaka miwili hakuna mwanakondoo aliyezaliwa pale bila mkono wa Mama Chishimba kuwa wa kwanza kumgusa. Aliwafuta pua kwa ncha ya kitenge chake. Alijua jike gani linapenda kukunwa kidevu na jike gani ni mwizi. Kondoo, alikuwa akisema, ni mnyama unayeweza kumkaribisha sebuleni, kwa sababu anakula majani. Majani, basi.

Halafu akaja Ingénieur Aimé.

Babu yake Aimé alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, baba yake alikuwa mwalimu, na yeye mwenyewe alisomea kilimo mpaka miwani ikamganda usoni. Miaka ishirini na tisa, kalamu tatu mfukoni. Shida aliyoikuta ilikuwa ya kweli: mashudu ya soya, ambayo kondoo hupewa ili wajenge mwili, yalikuwa yanatoka Zambia, na lori likikwama mpakani Mokambo wiki mbili, kondoo wanabaki mifupa. Dawa aliyoileta ndiyo iliyomshinda Mama Chishimba. Badala ya soya, funza. Funza wa nzi mweusi, wanaokuzwa juu ya takataka za soko, wanakaushwa, wanapondwa, wanachanganywa na pumba za mahindi.

"Mama Chishimba, wewe njo nilikuchagua wa kwanza," alimwambia, akitabasamu kama mtu anayetoa zawadi. "Bantu bengine banaogopaka badudu. Wewe ulizoea."

"Nilizoea vinkubala, Ingénieur."

"Njo ile ile. Protéine ni protéine."

"Apana, Ingénieur. Moja inakulaka majani. Ingine inakulaka..." Alitafuta neno la heshima, akalikosa. "Inakulaka bintu yenye kuoza."

"Kondoo hatajua."

"Kondoo iko na pua, Ingénieur."

Alicheka, akaandika kitu kwenye daftari. Watu wa daftari ndivyo walivyo, ukiwatukana wanaandika.

Funza wenyewe walikuwa chini ya Papa Zéphirin, mchimbaji wa zamani wa Kambove, aliyetoka kwenye shimo la madini akaingia kwenye shimo baya zaidi. Alikuwa na mapipa kumi na mawili yaliyokatwa nusu, chini ya bati. Ndani yake kulikuwa na maembe yaliyooza, matumbo ya kuku, bukari ya juzi iliyoota nywele, na damu ya machinjioni iliyoganda kama jamu. Juu yake, funza. Usiwaze kumi, usiwaze mia. Waza uji mzito wa mtama, halafu waza uji huo unatembea. Ukiinama ukasikiliza, walitoa sauti ya mafuta yanayokaanga polepole, na moto hakuna. Sauti hiyo ilimfuata Mama Chishimba mpaka nyumbani kwake Katuba, ikakaa naye mezani, ikamfanya asukume sahani ya sombe, majani ya muhogo aliyoyapika mwenyewe.

"Karibia, Mama! Ona batoto bangu. Shi bananenepa?"

"Papa Zéphirin, funika ile kintu."

"Jana nilibapatia matumbo ya kuku. Leo asubui hata unyoya hauko!"

"Unasema vile na kinywa yenye utakulia bukari?"

"Mama, kinywa ni ya kusema, bukari ni ya kukula. Habagombanake."

Akachota kiganja kizima, mkono mtupu, akamsogezea usoni. Funza mmoja alidondoka juu ya kiatu cha Mama Chishimba, akaanza kupanda kamba taratibu, kama karani anayepanda ngazi za ofisi yake. Mama Chishimba alikwenda nyuma ya choo akarudisha chai yote ya asubuhi. Papa Zéphirin alimtazama kwa huruma, akajifuta mkono kwenye suruali, akamega mkate wake.

Na mkavu hakuwa afadhali kuliko mbichi. Ule unga wa funza ulikuwa wa kahawia, wenye mafuta, na uliruka. Ulikaa kwenye kope. Ulikaa kwenye pembe za mdomo, ukijisahau ukalamba, umekwisha. Tena kile kinu cha shamba kilikuwa kizee, kiliponda nusu nusu, kwa hiyo ndani ya unga ulikuta ngozi za funza vipande vipande, zenye pete zake, zikimetameta.

Kazi ikaanza. Madume sita yalitolewa zizini, kila moja likaingizwa kwenye kizimba chake cha mbao. Matatu yalipewa pumba na soya, matatu pumba na funza. Kila dume lilifungwa mikanda, na chini ya mkia likaning'inizwa mfuko wa turubai, kama mwanafunzi aliyevaa begi upande usiofaa. Wiki mbili za kuzoea chakula, kisha siku kumi za kupima. Saa moja asubuhi Mama Chishimba afungue mfuko, amwage mavi kwenye ndoo, apime kwenye mizani, aandike namba, achukue kidogo kwenye kopo, apeleke kopo kwenye meza ya Ingénieur yakakaushwe. Ingénieur alieleza hayo mara moja, haraka haraka, huku simu inalia. Hakueleza kwa nini.

Katika yale matatu ya funza lilikuwamo dume namba tano, kubwa, jeupe, lenye shingo ya mikunjo na namna ya kusimama kimya likitazama mbali. Mama Chishimba alilipa jina Monseigneur, kama askofu.

Siku ya kwanza ya kupima alianza na wale wa soya. Mavi meusi, makavu, mviringo, kama buni za kahawa. Mavi ya heshima. Alipima, akaandika, akapeleka. Kisha akafungua mfuko wa Monseigneur.

Kilichoteleza kutoka mle hakikuwa na umbo. Kilikuwa na rangi ya maji ya bwawa, kizito, kinang'aa mafuta, na kilinuka samaki aliyesahauliwa ndani ya nguo. Na ndani yake, ngozi za funza. Zimeingia kwa mdomo, zimepita tumbo la kwanza, la pili, la tatu na la nne, zimetoka upande wa pili na pete zake vile vile, kama abiria waliokataa kushuka kituo chochote.

Mama Chishimba alishika ndoo, akasikia sauti ya yule mteja wa punje ya mchanga. Hii iende kwenye meza ya Ingénieur? Meza yenye vitabu? Atasema nini? Atasema mama huyu hakuchagua chakula vizuri, ona makapi haya. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaleta beseni.

Alijifunga kitambaa puani, akamimina maji, akakoroga kwa kijiti, kisha kijiti kikashindwa, akaingiza vidole. Joto lilikuwa bado lipo. Ngozi zikaelea, akaziengua. Zilizojificha akazibana moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, zikimteleza, zikimganda kwenye kucha. Akachuja kwenye kitambaa, maji ya kijani akayamwaga kwenye mfereji nyuma ya banda. Kilichobaki kilikuwa donge dogo, gumu, la kijani, lisilo na aibu. Hilo ndilo alilolipima. Hilo ndilo alilolipeleka mezani. Na ya wale wenzake wawili wa funza akayaosha vile vile.

Hakumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba ameosha sufuria kabla ya kupika?

"Eh, Mama, kazi muzuri!" alisema Ingénieur, akiangalia kopo. Mama Chishimba alipita siku nzima akinusa vidole vyake na kuvichukia. Majivu, ndimu, sabuni ya mawe. Harufu ikakaa palepale, imekodi chumba.

Siku ya nne Monseigneur alianza kuvimba. Ubavu wa kushoto ulijaa kama ngoma, ukiugonga unajibu. Alicheua upepo, na upepo huo ulitoka moja kwa moja kwenye mapipa ya Zéphirin, bila hata kubadilisha basi njiani. Alipoona chakula kinakuja alikuwa anageuza shingo polepole, anamtazama Mama Chishimba, halafu anakula nusu, kwa sababu njaa nayo haina aibu. Siku ya saba mfuko ulivuja. Manyoya ya nyuma yaliganda, nzi wakaandika barua juu yake. Mama Chishimba alimwosha, akamfuta, akamwomba radhi. Na kadiri mavi yalivyolainika ndivyo alivyoosha zaidi, na kadiri alivyoosha ndivyo kilichobaki kwenye kitambaa kilivyopungua.

Akaenda ofisini.

"Ingénieur, Monseigneur iko mugonjwa."

"Monseigneur wa wapi?"

"Namba tano. Tumbo imejaa upepo. Anaharisha."

Ingénieur akafungua daftari, akapitisha kalamu. "Mama, angalia. Namba tano: mavi kidogo, ngumu. Jana kidogo, leo kidogo zaidi. Ni wewe mwenyewe uliandika. Kondoo yenye kuharisha inatoaka mavi sawa hii?"

Mama Chishimba akafungua mdomo. Simu ikalia. Ingénieur akainua kidole, akatoka nje akisema "Ndiyo Patron, ndiyo Patron." Mama Chishimba akarudi kwenye vizimba.

Siku ya kumi, Ijumaa, Patron, mwenye shamba, alikuja mwenyewe, tai shingoni, viatu vya kung'aa, tumbo lililotangulia. Asubuhi hiyo Mama Chishimba alikuwa amefungua mfuko wa Monseigneur tu, hajaleta hata maji, alipoitwa apeleke chai na biskuti chini ya paa la bati, ambako Ingénieur alikuwa amepanga makopo kama mtu wa dawa.

"Patron, ni hesabu ya mutoto wa primaire," Ingénieur alikuwa anaeleza, shati limelowa kwa furaha. "Tunapima chakula yenye kuingia. Tunapima mavi yenye kutoka. Unaondoa. Ile yenye kubakia, njo kondoo alikamata kwa mwili yake. Soya: katika mia, anakamata sitini na nane. Funza: makumi munane na ine!"

"Funza inapita soya?" aliuliza Patron.

"Inapita mbali! Banakamata karibu yote, Patron. Hakuna kintu inatoka."

"Basi unangoya nini? Majike?"

"Kuanzia lundi. Yote makumi ine. Tunawapatia mara mbili."

Kijiko kikaanguka kutoka kwenye sinia, hakuna aliyekiokota.

Hakuna kitu kinatoka. Mama Chishimba alikijua kinachotoka. Alikuwa amekibana kwa vidole siku tisa. Kilikuwa pale nyuma ya banda, ndani ya mfereji, kimevimba, kimefanya ngozi juu, kijivu na cheupe, nzi wakifanya mkutano. Hesabu yote ya mtoto wa primaire ilikuwa imemwagwa pale na mikono yake mwenyewe.

Ng'ambo ya ua majike yalikuwa yamelala yakicheua. Ishirini na moja yalikuwa na mimba. Kichwani aliwaona Jumatatu ijayo, wamefungiwa mapipa ya Zéphirin tumboni, mara mbili, wamevimba kama ngoma na watoto ndani, na daftari likisema wanaendelea vizuri. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza, anabaki Mama Chishimba wa vitu safi. Akisema, atakuwa mama aliyeosha mavi, na Lubumbashi nzima ingejua kabla bukari ya mchana haijaiva, kwa sababu Papa Zéphirin alikuwa amesimama palepale anatafuna biskuti.

Akaweka sinia mezani. Akaondoka bila kuaga.

Aliporudi alikuwa na ndoo mkono huu na koleo mkono ule. Ndoo ilikuwa na mavi ya Monseigneur ya asubuhi hiyo, kama yalivyotoka. Koleo lilikuwa na sehemu ya mfereji. Akaviweka vyote juu ya meza, kati ya makopo na biskuti.

"Patron, munisamehe. Ingénieur, yenye kutoka, njo hii."

Harufu ilifika kabla maneno hayajaisha. Patron alijifunika pua kwa tai yake. Kile cha kwenye koleo kilikuwa kinatembea, maana nzi wa Katanga hawangoji ruhusa, walishataga humo, na funza mmoja mnene alijitoa pembeni, akajinyoosha, akapanda biskuti.

"Hii inatoka wapi?" sauti ya Ingénieur ilikuwa ndogo.

"Kwa Monseigneur. Na benzake mbili."

"Lakini kopo... makopo yako muzuri..."

"Nilikuwa nasafisha. Mbele ya kupima. Naosha, natoa ngozi, nachuja. Sawa vinkubala."

"Uliosha mavi, Mama?"

"Niliosha."

"Siku ngapi?"

"Tisa. Leo munaniita kwa chai mbele sijaosha."

"Na ya soya?"

"Ya soya apana. Ile iko na heshima."

Papa Zéphirin alipaliwa na biskuti. Patron alisimama, akatazama kiatu chake kilichong'aa, akakirudisha nyuma hatua moja. "Majike basiguse ile kintu," alisema kupitia tai. "Hata moja. Aimé, utaniita siku yenye utajua unasema nini." Akaingia kwenye gari, vioo vikapanda vyote.

Mama Chishimba alingoja kufukuzwa, mikono nyuma. Ingénieur Aimé alivua miwani, akakunja mkono wa shati, akaingiza vidole kwenye ndoo. Uso wake ulipita rangi mbili. Akatoa ngozi moja, akaiinua kwenye mwanga.

"Nzima," alisema. "Hata hazikuyeyuka. Mama, juu ya nini hukuniambia?"

"Juu ya nini hukuniambia nilikuwa napima nini, mwana yangu?"

Hilo hakuliandika kwenye daftari.

"Tutarudia," alisema baadaye. "Tutangoya Monseigneur apone, halafu siku kumi. Bila maji."

"Bila maji?"

"Hata tone."

Wakarudia. Monseigneur alipewa majani matupu mpaka ngoma ikashuka, kisha akarudishwa kwa mara ya mwisho, akiwa amenuna, na kipimo kidogo zaidi cha funza. Mama Chishimba naye alibeba ndoo kila asubuhi kama zilivyo, na mafuta yake, na nzi wake, uso kaugeuza pembeni kama anayembeba mkwe asiyempenda. Namba mpya ilitoka: katika mia, hamsini na tano, chini ya soya. Ingénieur aliisoma mara tatu, akafuta ile ya zamani kwa mistari miwili, akaandika kwamba majike wapewe mashudu ya karanga, yasiyongoja lori la mpakani, na kwamba funza, akibaki, apepetwe ngozi kwanza na apewe dume la kunenepeshwa, kwa kijiko.

Asubuhi ya mwisho Mama Chishimba aliweka ndoo juu ya meza yenye vitabu. Juu kabisa, katikati, ngozi moja ya funza ilikuwa imelala, nene, imenyooka, inametameta kama inamwita kwa jina. Vidole vyake viwili vikaja vyenyewe, vikasimama juu yake. Miaka kumi na tisa ya soko ilikuwa ndani ya vidole hivyo.

"Mama," alisema Ingénieur taratibu.

"Ninaiona."

Akavikunja vidole, kimoja kimoja, akavificha ndani ya kitenge. Ngozi ikabaki pale pale, juu ya meza ya mtu, imetoka mkononi mwake. Akatembea kwa heshima mpaka nyuma ya choo, akatapika.